Ijumaa Niliyoyaamsha Makontena ya Mume Wangu

"Dada... nnatoka damu... nshabonyeza kitufe, mbona hamji?!"

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia Ijumaa ile kwenye simu ya mapokezi.

"Upo wapi, bibi?"

"Saadiya mie... nipo peke yangu... simu inazi..."

Ikakatika.

Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani!

Ngoja niwaeleze. Naitwa Yusra. Mimi na mume wangu Ridhwan tunafanya kazi ofisi moja hapa Mji Mkongwe. Tuna programu ya simu: mama mjamzito akizidiwa anabonyeza kitufe, sisi tunaona alipo kwenye ramani, tunampelekea gari. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha programu hiyo, tulikuwa tukiisimamia wote wawili. Wiki moja kabla, bila hata kuniuliza, mume wangu akabadilisha nywila zote, akanihamishia mapokezi!

"Mambo ya usalama tu, mke wangu," alisema.

Niliumia, nikaenda kukaa mapokezi.

Sasa siku ile umeme ulikatika. Uliporudi, seva ikawaka lakini ramani ikagoma kufunguka. Na Ridhwan? Kashavaa kanzu, kashakwenda kusali Ijumaa, simu kaizima. Nimebaki peke yangu ofisini, na kama Saadiya alibonyeza kabla ya umeme kukatika, mahali alipo pamo ndani ya seva ile, kwengine hapapatikani!

Kompyuta ya Ridhwan ilikuwa wazi mezani. Kwa haraka zake hakuifunga. "Usiiguse kompyuta yangu," kaniambia mara ngapi! Nikakaa.

Kioo cheusi, maandishi meupe. Nikaandika amri ya kuorodhesha makontena:

docker ps -a

Ya Rabbi! Makontena yote yamesimama!

Kwa msiojua, kontena ni kama kasha. Programu yetu imo kwenye kasha moja, kumbukumbu za wagonjwa zimo kwenye jingine. Umeme ulipokatika yote yalizimika, na hayaamki mpaka mtu ayaamshe.

Halafu nikakumbuka jambo jengine...

Kila Ijumaa saa saba, watu wakiwa msikitini na kazi imelala, Ridhwan kaitegesha seva ijisafishe yenyewe. Inafuta kila kontena lililosimama, pamoja na kilichomo. Haiulizi mtu!

Na msikiti wa jirani, khatibu alikuwa kwenye dua ya mwisho, na saa saba ndiyo wanakimu sala. Naisikia kwenye kipaza sauti... "Amin"... "Amin"... Muda umekwisha, jamani! Nikaandika amri ya kuliamsha la programu:

docker start programu

Likawaka... likafa!

"Mungu wangu, Mungu wangu..."

Nikarudia. Likafa tena! Kichwani nasikia "nnatoka damu" tu.

Kumbe woga ulinipumbaza! Programu haiwezi kusimama kumbukumbu zikiwa zimelala. Kumbukumbu kwanza, Yusra!

docker start kumbukumbu

Bado... bado... Likashika!

Nikaliamsha tena la programu. Likashika nalo!

Msikitini wakakimu. Saa saba hiyo. Nikafumba macho, nikashika meza kwa mikono miwili.

Nilipofumbua, usafishaji umeshapita. Makontena yaliyo macho hayakuguswa! Nililia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Ramani ikafunguka. Nukta nyekundu inawaka Mbweni.

Nikabonyeza jina nipate maelezo ya kumpa dereva. Saadiya. Mimba ya miezi minane. Mtu wa kuarifiwa: mume...

Ridhwan! Na namba ya simu ni ya mume wangu, ninayoijua kwa moyo!

Wasomaji wangu, nilihisi kiti kinazama nami. Ndiyo maana nilifungiwa seva! Usalama gani? Nisimwone mwanamke huyu kwenye ramani!

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma gari. Kikakaa pale. Nikaisikia tena ile sauti... "nipo peke yangu..."

Nikabonyeza, nikampigia dereva simu.

"Jaku! Mbweni, mbio! Anatoka damu!"

"Nnakwenda, dada!"

Jaku keshanipigia kwamba kamfikisha hospitali, ndipo Ridhwan akarudi, kanzu inanukia udi.

"Yusra!"

"Naam."

"Nani kaigusa kompyuta yangu?"

"Mie."

"Nilikwambiaje weye?"

"Nenda hospitali, Ridhwan. Mkeo yumo chumba cha upasuaji."

"Mke wangu si weye?"

"Wa Mbweni."

Akakaa chini sakafuni na kanzu yake nyeupe.

Saadiya alipona, na mtoto mzima, wa kiume. Alipopata nguvu akapiga simu mapokezi.

"Mungu akulipe, dada. Madaktari wamenambia, gari lingechelewa kidogo tu tungekufa wote wawili. Hata mume wangu anafanya kazi hapo hapo kwenu. Anaitwa Ridhwan. Unamjua?"

Masikini, naye hakuwa na habari yangu!

"Namjua, mdogo wangu," nikamwambia. "Pumzika. Nitakuja kukuona, tuzungumze."

Funzo, ndugu zangu: siri yako ya nyumbani usiifungie kwa kufuli la kazini, maana hujui nani anasubiri mlango ufunguliwe. Saadiya na mwanawe wangekufa mchana kweupe, na aliyewaua angekuwa safu ya mbele, mikono kifuani, anasali.