Gunia la Vitufe

Haya yalimpata rafiki yangu Adero wa Kaloleni, na aliniambia mwenyewe, mkono wake wa baridi ndani ya wangu. Mwenye nyumba alimtaka ahame, naye akaapa hataiacha nyuma piano ya marehemu mumewe, Ooko. Zamani, Adero akiimba jikoni, Ooko alimfuatisha kwa piano huko sebuleni.

Bei ya lori ilimshinda, akamwita Absalom wa mkokoteni.

"Mama, hii ni piano ama ng'ombe ako na mimba?" Absalom akalalamika. "Mpaka nyumba yako mpya Mamboleo, huko juu mlimani? Punguza kitu, ama mgongo yangu itabaki hapa!"

Basi wakang'oa vile vitufe vya mbao, vyeupe na vyeusi, wakavitia kwenye gunia, Adero akajitwika. Piano ikapanda mlima ikiwa tupu kama kabati.

Walifika giza likiingia, na stima imepotea. Absalom akaegemeza piano ukutani sebuleni, gunia kando yake, akaenda zake. Adero akaingia jikoni, akawasha jiko, akaanza kuimba kidogokidogo ili nyumba ngeni isimtishe.

Sebuleni kitu kikagonga. Ko.

"Panya," akajiambia, akaendelea kuimba.

Ko, ko, ko. Mbao kwa mbao, polepole, zikifuata wimbo, zikitulia pale alipovuta pumzi.

Akachungulia kwa taa ya simu. Gunia lilikuwa palepale, kamba imekazwa mdomoni.

Adero akanyamaza katikati ya ubeti.

Gunia likaumalizia.