Nilimfungia Mwanangu Chakula kwa Kufuli

Nina miaka sitini na mbili, naishi Same. Haya ninayowasimulia sijawahi kuyasema hata kanisani, maana kila nikiyakumbuka natamani kuficha uso...

Mume wangu alikuwa mkata mkonge huko bondeni. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa sabuni za kila rangi, lakini shambani kwao watu wakapunguzwa kazi, naye akiwemo. Akaniaga kwamba anakwenda Tanga kutafuta kibarua.

Hakurudi. Ilikuja barua kwamba amepata mwanamke mwingine, nisimsubiri. Niliificha chini ya godoro. Binti yetu Nakiete, wa miaka tisa, nikamdanganya kwamba baba anamsalimia na atakuja Krismasi.

Haukupita muda, mtoto akaanza kula ovyo. Anamaliza sahani yake, anakwangua sufuria, anakula na kiporo cha makande nilichoweka kwa ajili ya asubuhi. Anakula haraka, hamtazami mtu. Mimi nashinda sokoni nauza mitumba, narudi nimechoka, nakuta sufuria tupu. Niliona ulafi tu. Kwa nini sikumuuliza hata mara moja ana nini?

Nilinunua kufuli, nikafunga kabati la chakula. Ufunguo nikauvaa shingoni.

Jumapili moja akina mama wenzangu wa kanisani walikuja kwangu kunywa chai. Nakiete akachukua andazi la tatu. Nikampiga mkono mbele yao, nikamwambia, "Unakula kama nguruwe. Ndiyo maana baba yako alikukimbia."

Hakulia. Alirudisha andazi kwenye sahani, akatoka nje. Mimi nikaendelea kumimina chai.

Wiki hiyohiyo jirani alinifuata sokoni mbio. Nakiete alikuwa amechukua mbegu za mahindi nilizoweka kusubiri msimu, zile zilizotiwa dawa ya wadudu. Akaziosha, akazichemsha kwenye kopo nyuma ya nyumba, akala. Nilimkuta amelala mlangoni anatapika, jasho linamtiririka, hanitambui.

Siku tatu nilikaa hospitali bila kujua kama atapona. Siku ya nne akaweza kuongea. Nesi mmoja, mama mtu mzima, alikaa kando ya kitanda akamuuliza taratibu, "Mwanangu, ulikuwa na njaa?"

"Hapana," alisema Nakiete. "Nilisoma barua ya baba. Tumbo likijaa sana nasikia usingizi, halafu simuwazi."

Nesi akanigeukia. "Barua gani, mama?"

Ufunguo wa kabati ulikuwa bado unaning'inia shingoni kwangu, na nesi aliuona.

Baadaye aliniita pembeni, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema nisimhesabie mtoto matonge, nile naye sahani moja, na nimwache azungumze habari za baba yake hata kama mimi zinaniuma.

Tuliporudi nyumbani nilitoa ile barua tukaisoma pamoja. Nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Kwa hiyo baba hakuondoka kwa sababu nakula sana?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, nilisema uongo. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu baba yake aondoke.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Kuna siku alirudia sufuria, nami nikajifunza kukaa chini karibu naye badala ya kufoka. Polepole akawa anakuja kuniambia, "Mama, leo nimemkumbuka," kabla hajagusa chakula.

Leo Nakiete ni mama wa watoto wawili, anaishi Moshi. Anasema alinisamehe. Lakini wakija wageni, anawapakulia wote, yeye anasema ameshiba, kisha anakwenda kula amesimama jikoni, peke yake... Mimi najua ni nani aliyemfundisha hivyo.

Ndugu msomaji, ukimwona mwanao anakula kupita kiasi, nakuomba usimtukane, usimwaibishe mbele za watu, wala usimfungie chakula. Muulize nini kinamsumbua, na umwambie ukweli hata kama ni mchungu. Mimi mwanangu aliulizwa akiwa na dripu mkononi, na aliyemuuliza hakuwa mama yake.