Surua Haichagui Siku

Chamsia alikuwa akikuna nazi uani, mwanawe Oumi, wa miezi kumi, amelala mgongoni mwake. Walikaa katika kisiwa kidogo karibu na Nosy Be, Madagaska. Ilikuwa mwaka 1986. Habari zilitoka bara: surua imeingia, watoto wanazikwa.

"Mama Oumi, tumwombe Mungu," alisema Bacar, mumewe.

"Namwomba. Na chanjo naitaka."

"Chanjo ni ya watu wa mjini. Huku haifiki."

"Ilifika. Sisi ndio tuliojificha."

Kweli. Boti ya afya ilikuja Jumanne, na Jumanne kisiwani pale ni mwiko. Hupokei mgeni atokaye baharini. Watu walifunga milango, wakanyamaza kimya. Muuguzi akarudi akidhani hawataki.

"Nitamfuata," alisema Chamsia.

"Utaifundisha serikali kalenda?"

"Isipoijua, nitaifundisha."

Akamwacha Oumi kwa bibi yake, akavuka bahari hadi Hell-Ville, mji wa Nosy Be. Muuguzi aliitwa Echa, mzaliwa wa mtaa wa Antanimasaja, mjini Mahajanga.

"Nyinyi si ndio mlionifungia milango?" aliuliza Echa. "Hata maji ya kunywa sikupewa."

"Ndio sisi, dada. Utuwie radhi. Jumanne kwetu ni mwiko."

"Mbona hamkusema?"

"Kusema nako ni kufungua mlango."

Echa akacheka, kisha akaeleza. "Sheria ya afya ni ya kila raia, wa bara na wa kisiwani. Chanjo ni bure. Lakini sheria haijui mwiko wenu mpaka mseme. Na dawa hii hukaa kwenye barafu. Barafu ikiyeyuka, dawa imekufa. Siwezi kulala kwenu ningoje Jumatano."

"Njoo Alhamisi."

"Alhamisi ni zamu ya kisiwa jirani. Wakikubali kubadilishana, nitakuja."

Chamsia hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kisiwa hicho cha jirani, kwa Bi Zalifa, mkuu wa kamati ya kisiwa.

"Mnatuachia Jumanne?" aliuliza Bi Zalifa alipoelezwa. "Ichukueni Alhamisi, mwanangu. Kwetu Alhamisi ndiyo mwiko. Nasi tulikuwa tunafunga milango."

Basi boti ikaja Alhamisi. Wazee waliridhika, mwiko wao haukuguswa. Bacar mwenyewe alimshika Oumi, mtoto akachomwa sindano, akalia, akanyonya, akalala.

Mvua zilipoanza, surua ilivuka maji. Oumi haikumpata.

Chamsia alikuwa na mimba tena. "Baba Oumi," alisema, "sheria ya afya inasemaje juu ya mkunga?"

Bacar alikuwa ameshavaa kofia yake. "Nakwenda kumwuliza Echa."