Kashata Alipolamba Kiganja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaani Raskazone, Shangazi Imakulata alifungua stoo akapiga yowe. Mashine ya boti haipo! Kufuli limekatwa, na Kashata, mbwa anayebwekea hata majani yakianguka, kajilalia barazani kama mgeni wa heshima.

"Bakar! Mbwa hakubweka. Nani mwingine anajua kumnyamazisha?"

"Wallahi sijui, mama," alisema Bakar, mlinzi mzee wa Kipemba. "Nilikwenda kuswali alfajiri. Narudi, stoo i wazi."

"Utayasema polisi. Funga mizigo yako." Bakar akaingia chumbani kwake, akatoka na begi.

Leticia, binti wa kaka yake Shangazi, alimgeukia mbwa. Yeye ndiye aliyemfundisha Kashata, akampa na Bakar kidude kama chake: akinyamaza, unabofya kidude, "tk!", kisha nyama. Na kwa kiherehere chake akarekodi video, akawatumia watu wote.

Mchumba wake, Edgar, akaingia na mkate.

"Shikamoo, Shangazi. Poleni jamani. Walinzi ndo zao hao!" Akachomoa kalamu mfukoni, akawa anaibofyabofya. Tk. Tk.

Masikio ya Kashata yakasimama. Leticia akashtuka. Mwezi uliopita mbwa huyuhuyu alimchania Edgar suruali getini. Leo hata kunguruma, hakuna!

"Mzee Bakar, samahani, hebu bofya kidude chako."

Tk. Kashata akatazama chini, mchangani. Bakar hakuwahi kumlisha mkononi. Mate ya mbwa kwake ni najisi, aanze kunawa mara saba? Nyama huidondosha chini.

"Edgar, bofya kalamu."

"Ya nini tena, mpenzi?"

"Bofya!"

Tk. Kashata akaruka, akakilamba kiganja cha Edgar, akasubiri.

"Mkononi nampa mimi tu," Leticia alisema. "Wewe umeanza lini?"

Edgar akaketi kwenye ngazi, mkate ukamponyoka.

"Niliiona video yako. Nikawa namlisha pale kwenye uzio ili asinibwekee tu, kweli tena! Halafu... wajomba wanakuja leo kutoka Mkwaja, mambo ya posa yetu. Niliwaambia nina boti ya mashine. Shangazi alininyima mashine nilipoomba kuiazima. Nimeifunga kwenye boti ya rafiki yangu, ufukweni. Ningeirudisha jioni."

"Na Mzee Bakar? Naye ungemrudisha jioni kutoka polisi?"

Leticia akavua pete, akaiweka juu ya mkate.

Shangazi alimshika Bakar mkono. "Nisamehe, baba. Nilikuvunjia heshima."

"Nimekusamehe, mama. Na wewe Leticia mwanangu, usilie, hukuiba." Bakar akanyanyua begi lake, limeshafungwa tayari. "Ila langoni kwenu sikai tena."

Geti likafungwa nyuma yake. Kashata akamlilia. Leticia akabofya kidude amwite, akamnyooshea nyama kiganjani.

Mbwa hakuja. Alikuwa anatazama mchanga, pale Bakar alipokuwa akimdondoshea.