Asiye na Kitovu

Mimi ni mtu wa kinyaa, nisifiche. Nimekulia mjini, Sakina, kwenye sakafu ya vigae, na hata nepi za mwanangu mwenyewe nilizishika kwa ncha za vidole. Basi jioni ile mama mkwe, Bibi Tabea, aliponiwekea kitovu cha mwanangu Manase kiganjani, nusura nikitupe. Kilikuwa kimedondoka asubuhi, siku ya saba. Kikavu, cheusi, kinanuka kidogo.

Nilikuwa kwake Akeri, kwenye miteremko ya Meru, kwa ajili ya uzazi.

"Kakifukie shambani kabla giza halijaingia," aliniambia. "Chini ya mgomba wenye mkungu. Uchimbe mpaka kiwiko. Usikiweke kwenye mgomba uliokatwa, mama Manase."

"Kwa nini, mama?"

Akapunguza sauti, yeye mzee wa usharika. "Mtu wa Kwanza hakuzaliwa. Alitolewa kwenye kisiki cha mgomba kilichooza, mwanamke hajaumbwa bado. Alipojitazama tumbo akakuta hana kitovu. Sisi wote tuliokuja baadaye tuna mama. Yeye hana. Na visiki vilivyooza bado ni nyumba yake."

Nilicheka moyoni. "Haya, mama."

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Udongo ulikuwa tope, mshono ulikuwa unaniuma, jembe zito. Nikachimba mara mbili, nikachoka. Pembeni palikuwa na kisiki cha mgomba kilichooza, laini kama uji uliolala. Nikakichomeka kitovu humo. Kidole kilizama chote.

Ndani kulikuwa na joto.

Nilikuwa najifuta kwenye majani niliposikia...

Fyonz... fyonz...

Kama mtu anayefyonza mfupa. Harufu ikanipanda puani: ndizi zilizooza, usaha, maziwa yaliyochacha. Nikageuka. Kisiki kilikuwa kinapasuka taratibu.

Akatoka mtu mzima, uchi, anachuruzika ute. Funza weupe walikuwa wakimtembea makwapani. Tumbo lake lilikuwa tupu kama kiganja. Alikishika kitovu cha mwanangu kwa vidole viwili, akakilamba mpaka kikalainika, akakibandika katikati ya tumbo. Kisha akakisukuma kwa dole gumba. Ngozi ikakimeza.

Akanitazama. Akatabasamu, hana jino hata moja.

"Mama..." alinong'ona.

Nilikimbia. Nikatapika mlangoni. Bibi Tabea akanishika mabega.

"Umefukia wapi?"

"Kwenye mgomba wenye mkungu."

Niliona aibu kusema kweli. Majuto ni mjukuu.

Alfajiri nilipomwogesha Manase, tumbo lake lilikuwa laini.

Hakuna kovu. Hakuna shimo.

Nikampa ziwa. Akageuza uso, akalia kama amepewa ziwa la mtu asiyemjua.

Sasa ni wiki ya tatu, nimerudi Sakina kwa mume wangu, Aminieli. Kliniki wanasema mtoto anapungua, wananiuliza kama namnyonyesha. Maziwa ya kopo anayatapika. Mchana kutwa najikamua na halitoki hata tone. Nilimpigia Bibi Tabea, nikamwambia ukweli.

"Amepata mama," alisema, akakata simu.

Ikifika saa kumi na mbili jioni, harufu ile hupita chini ya mlango. Hapo ndipo kifua kinajaa. Maziwa yanalowesha kanga, yanateremka mpaka magotini, ya moto, na ninajichukia kwa raha ninayoisikia.

Jana Aminieli alikuwa bado gereji. Maziwa yalipoanza nikamkimbilia Manase, nikamsogezea ziwa likiwa linachuruzika. Yakamdondokea midomoni. Akafumba mdomo. Mbavu zake nilizihesabu kwa macho.

"Nyonya, baba," nilimwomba. "Nyonya kidogo tu."

Nje, mtu akagonga. Taratibu.

Nikamlaza mtoto kitandani. Kifua kilikuwa kinaniuma kwa kujaa. Nikaenda kufungua.