Sherehe ya Vikombe vya Maji

Mtaa wa Mwakingali, hapo Voi, huamka kwa kelele za mitungi. Mwuza maji husukuma mkokoteni wake, mitungi inagongana, na akina mama wanatoka nje na pesa zilizofungwa kwenye leso. Wakesho hutoka pamoja nao. Akishanunua mtungi wake, huubeba kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Nyumbani kwa Wakesho maji hayachezewi. Kikombe kimoja ni cha kupiga mswaki. Beseni moja ni la kuoga. Maji yaliyosuuza mboga hupelekwa nyuma ya nyumba, kwenye sukuma wiki na mpapai mdogo unaojikaza kukua kwenye udongo mwekundu. Ukimwaga maji ovyo, utasikia ukiitwa kwa majina yako yote matatu.

Binti yake, Daisy, anaijua sheria hiyo vizuri. Ni mtoto mtulivu, tena mwenye ndoto nyingi. Anaweza kushika kijiko cha uji huku akitazama mawingu juu ya Tsavo, mpaka uji upoe na nzi wajikaribishe. Ukimuuliza anafikiria nini, atasema, "Hakuna." Kisha anatabasamu.

Jumamosi moja Daisy alialikwa kwenye sherehe ya Wendy, mwenzake wa darasani. Wendy alikuwa anatimiza miaka minane. Kwao kulikuwa na hema, mabaluni, muziki na keki ya ghorofa mbili. Daisy alirudi jioni akitembea taratibu, macho yake yako mbali.

"Ilikuwaje?" Wakesho aliuliza.

"Mama, ilikuwa kama ndoto," Daisy alisema. Alijilaza kwenye kochi na kufumba macho. Hakusema zaidi.

Wakesho alimtazama na moyo ukamuuma. Daisy naye angetimiza miaka minane wiki mbili baadaye. Mwaka uliopita siku yake ilipita kimya, kama Jumanne yoyote ile. Mama akajiambia kwamba safari hii haitapita hivyo. Alianza kuliona hema limesimama uani, hapo kwenye kamba ya nguo. Aliona keki ndefu nyeupe. Aliona majirani wakinong'ona, "Kumbe hata kwa Wakesho!" Ndoto ni tamu, na hailipishwi mpaka uamke.

Alimpigia simu mumewe, Wesonga. Wesonga hufanya kazi kwenye shamba la katani na hurudi nyumbani mwisho wa wiki.

"Baba Daisy, nataka tumfanyie mtoto sherehe kama ya Wendy."

"Na tutatoa wapi?"

"Si kuna mbuzi?"

"Mbuzi mwenyewe ana mimba. Si tulikubaliana akizaa, Tom atapata maziwa ya uji?"

Tom ni kitindamimba wao, na alikuwa amekonda baada ya homa ndefu.

"Tom bado ni mdogo, hajui anakosa nini," Wakesho alisema. "Daisy anajua."

"Sawa, wewe ndiye uko na watoto. Lakini mbuzi akienda, ameenda."

Basi Wakesho akazungumza na Thadeus, mwenye bucha. Wakakubaliana kwamba Thadeus atakuja kumchukua mbuzi Ijumaa jioni, siku moja kabla ya sherehe.

Alhamisi, Wakesho alikwenda kwa jirani yake, Kavinya. Kavinya ndiye mwoka keki wa mtaa. Harusi zikija, yeye ndiye anayetafutwa. Watu humwita Mama Maundu, kwa jina la mwanawe mkubwa. Ni mwanamke wa kicheko kikubwa, na ana mdomo usioogopa mtu.

"Mama Maundu, nataka keki ya ghorofa mbili," Wakesho alisema.

"Hee! Nani anaolewa?"

"Ni ya Daisy. Nitakulipa Ijumaa, Thadeus akishachukua mbuzi."

Kavinya aliacha kukanda unga. "Mbuzi gani? Yule mwenye tumbo?"

"Huyo huyo."

"Basi sikuuzii." Kavinya alifuta mikono kwenye aproni. "Nikikuuzia hiyo keki, nitakuwa nimemnyang'anya Tom kikombe chake cha maziwa nikakipaka sukari ya rangi. Tena mwaka mzima."

Wakesho aliinamisha kichwa. "Lakini mama Wendy alifanya."

"Mama Wendy ana mshahara, na ana tangi la maji kubwa kuliko jiko langu. Sisi watu wa Voi tembo tunawaona kwa macho. Usimuige tembo kunya, utapasuka msamba!"

Wakesho alicheka ingawa machozi yalikuwa karibu. Kavinya akamvutia kigoda.

"Sikia, dada yangu. Sherehe si mbaya. Mtoto anahitaji kujua kwamba kuna siku watu wanafurahi kwa sababu yeye yuko duniani. Lakini usiuze kinacholisha nyumba ili ulishe wageni wa saa mbili. Hata Krismasi ni vivyo hivyo. Watu wanamaliza kila kitu Desemba, Januari wanakula hewa. Wewe chagua kitu kimoja ambacho mtoto anakipenda kweli. Hicho kifanye vizuri. Yale mengine yafanyeni kwa mikono yenu. Daisy anapenda nini?"

"Alisema sherehe ya Wendy ilikuwa kama ndoto."

"Sijauliza hivyo. Nimeuliza, Daisy anataka nini? Ulimuuliza?"

Wakesho hakuwa amemuuliza.

Wakamwita Daisy, aliyekuwa nje akimbembeleza Tom. Kavinya alimshika mkono. "Mwanangu, Jumamosi ni siku yako. Kwa Wendy ulipenda nini zaidi? Keki?"

Daisy alitikisa kichwa.

"Hema?"

"Hapana." Daisy alimtazama mama yake kwa woga. "Nikisema, mama ataudhika."

"Sema tu, sitaudhika," Wakesho alisema.

Daisy alivuta pumzi. "Walimmwagia Wendy maji. Watu wote. Ndoo nzima! Akapiga kelele, akacheka, maji yakakimbia mpaka kwenye lango. Mimi huota nikimwagiwa maji. Naota yanashuka tu, na hakuna mtu anayekasirika." Aliangalia chini. "Lakini najua maji ni ya kununua. Keki ni rahisi kidogo. Maji ndiyo hatuna."

Wakesho alihisi aibu, na upendo mkubwa pamoja na aibu hiyo. Alikuwa tayari kumuuza mbuzi kwa ajili ya kitu ambacho mtoto hakukiomba. Na kile alichokitaka mtoto, alikuwa ameogopa hata kukitaja.

"Huko kwenu milimani Taita," Kavinya alimwambia Wakesho polepole, "si wazee walikuwa wanabariki mtu kwa kumrushia kinywaji?"

"Ndiyo. Kutasa. Unapuliza kinywaji kutoka mdomoni huku ukitamka maneno mema."

"Basi hatutapuliza, tusije tukapeana mafua. Kila mgeni aje na kikombe kimoja cha maji safi. Asilete zawadi nyingine. Kikombe hakimshindi mtu. Amwage, na aseme neno jema."

"Na maji yataenda wapi?" Wakesho aliuliza. Mazoea hayaachi mtu haraka.

"Daisy atasimama katikati ya sukuma wiki. Atanyeshewa yeye, na mboga zitakunywa."

Daisy aliruka juu hata Tom akashtuka.

Ijumaa jioni Thadeus alifika na kamba mkononi. Wakesho alimpokea mlangoni.

"Nisamehe, ndugu yangu. Mbuzi hauzwi tena."

"Kwani umepata pesa?" Thadeus aliuliza.

"Hapana. Nimepata akili."

Thadeus alicheka, akakunja kamba yake na kurudi buchani.

Jumamosi asubuhi Kavinya alikuja na sufuria nzito. "Leo utajifunza kuoka bila ovena," alisema. Walipaka sufuria mafuta na kunyunyizia unga kidogo ili keki isishike. Wakachanganya unga, hamira ya keki, sukari, mafuta na mayai ya kuku wa Wakesho mwenyewe. Wakesho alipotaka kuwasha jiko kwa nguvu, Kavinya alimzuia.

"Moto mwingi chini utaunguza. Weka makaa machache chini, mengi weka juu ya kifuniko. Halafu uwe na subira. Ukifunua kila dakika, keki itaanguka kama chama cha siasa."

Harufu ilipojaa uani, Kavinya alichoma keki kwa kisu. Kisu kilitoka kikavu. "Imeiva," alisema.

Watoto walipamba uani kwa maua ya bogenvilia kutoka kwenye uzio. Maundu alipiga debe kama ngoma. Wesonga alifika mchana, vumbi la katani bado liko kwenye viatu vyake. Aliposikia habari ya vikombe, alisema, "Kwetu Bungoma mvua hunyesha kila alasiri. Sikujua kwamba binti yangu anaiota."

Jua liliposhuka na joto kupungua, Daisy alisimama katikati ya mboga, miguu mitupu. Milima ya Taita ilikuwa ya buluu kwa mbali, na upepo ulikuwa mwororo. Wageni wakapanga mstari, kila mmoja na kikombe chake. Hata Wendy alikuja na chake.

"Uwe na afya," alisema Kavinya, akamwaga.

"Usome mpaka uchoke kusoma," alisema Maundu.

"Tuendelee kukaa dawati moja," alisema Wendy.

Wesonga alimwaga polepole kuliko wote. "Mvua ikufuate popote utakapokwenda."

Daisy alifumba macho. Maji yalishuka kwenye nywele, mashavuni na mabegani. Yaliingia kwenye udongo na sukuma wiki zikatikisika. Alicheka mpaka akakosa pumzi, na hakuna mtu aliyekasirika.

Wakesho alikuwa wa mwisho. Alimwaga nusu ya kikombe, kisha akasita kumtazama binti yake. Daisy alifumbua macho.

"Mama, na siku yako ni lini?"

"Yangu?" Wakesho alifikiri. "Ilikuwa wiki iliyopita."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza, mwanangu."

Daisy alichukua kikombe mkononi mwa mama yake. "Inama," alisema.

Wakesho alipiga magoti kwenye matope akiwa na leso yake nzuri. Daisy akammwagia maji yote yaliyobaki.