Nyaya Zimeshabanduliwa

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani, ambaye mkono wake ulikufa ganzi hata mkasi haushiki. Mtaalamu wa viungo akambandika nyaya za umeme mkononi bila hata salamu.

"Kaka, kifuani nimewekewa kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo. Hii mashine ni salama kweli?"

"Dada, umekuja kutibiwa au kunifundisha kazi?"

Akaiwasha kwa hasira. Ikalia tik, tik, na vidole vikarukaruka. Mara umeme ukakatika, na kile chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro.

"Nyaya nimeshazibandua," mtaalamu akasema. "Niachie mkono, dada!"

Shoga yangu alitaka sana kumwachia. Lakini vile vidole vilivyoshindwa mkasi vilizidi kumbana, tik, tik, na mlio huo sasa ulitoka kifuani mwake mwenyewe.